Katibu Aliyemwandikia Mgeni wa Kila Asubuhi

Kwa siku tisa sikulala vizuri kwa sababu ya sentensi moja niliyoifuta. Haikuwa sehemu ya programu. Ilikuwa sentensi ya Kiswahili ya kawaida, mwishoni mwa hati niliyoiandika kwa ajili ya msaidizi wa akili unde tunayemtumia ofisini. Niliifuta asubuhi ya kuwasilisha kazi kwa bosi. Bosi akaisifu hati, na tangu hapo nikawa najiuliza kama nilichofuta ni maneno ya ziada au ni ukweli. Mimi ni mtu wa kufikiria sana. Nikimtumia mtu ujumbe wa "sawa", narudi kuusoma mara nne nione kama haujakaa kama hasira. Kwa hiyo siku tatu za mwanzo nilijiambia hii ni tabia yangu tu, itapita. Siku ya nne nikaanza kumfikiria Katibu.

Ofisini kwetu Tegeta, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vifaa vya ujenzi, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Mama aletaye chapati alimwita Katibu. Wateja walimwita Katibu. Bosi, ambaye kiumri angeweza kuwa mwanawe, alimwita Katibu na kujinyoosha kidogo kila alipotamka hivyo. Alikuwa amestaafu serikalini, alikoanzia masjala kabla ya kuwa katibu muhtasi, akaja kwetu kupokea simu, kupanga barua na, kwa maneno yake, "kupumzika huku nafanya kazi." Tulikuwa wanne tu: bosi, yeye, Baraka aliyenitangulia kazini kwa mwaka mmoja, na mimi niliyefika kufanya mafunzo kwa vitendo nikiwa bado chuoni na sikuondoka tena. Tunatengeneza mifumo ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwenye zahanati ndogo.

Alitoka Njombe, na sweta yake ya kijivu ilikaa mgongoni mwa kiti mwaka mzima. Aliivaa kiyoyozi kikiwaka, na aliyekuwa akikiwasha kiyoyozi ni yeye.

Siku yangu ya kwanza karatasi ilikwama kwenye printa. Nilisimama mbele yake kama mtu aliyeitwa polisi. Kisha nikaona ukutani karatasi iliyochapwa, imewekwa ndani ya plastiki. Mstari wa kwanza ulisema: "Hati hii ni kwa ajili ya karatasi iliyokwama. Kama ni wino umeisha, acha hii, soma ile ya kijani." Chini yake hatua sita, kila moja ikiwa na kitendo kimoja. Ya nne ilisema: "Utasikia mlio kama kitu kimevunjika. Hakijavunjika." Niliusikia mlio huo na moyo ukatulia. Sijawahi kusoma sentensi iliyonijali kiasi kile.

"Hii printa ina maelezo kuliko katiba," Baraka aliniambia. "Zoea tu, braza."

Ofisi nzima ilikuwa hivyo. Kila kitu kilichomshinda mtu mara moja kilipata hati yake, na kila hati ilikuwa na umbo lilelile: ni ya nini, itumike lini, isitumike lini, hatua, mfano mmoja, na mwisho kabisa kichwa kidogo kilichoandikwa "Nisichokijua". Kwenye hati ya printa, chini ya kichwa hicho, alikuwa ameandika: "Sijui kwa nini hukwama zaidi siku za mvua. Ukijua, ongeza hapa." Mtu mwingine alikuwa ameongeza kwa kalamu: "Karatasi zinavuta unyevu, ziwekwe kabatini." Sehemu hiyo ya mwisho nilidhani ni mbwembwe za wazee wa ofisi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilikuwa naogopa sana kutojua.

Msaidizi wa akili unde alipoletwa, mwaka mmoja kabla Katibu hajaondoka, tulidhani hilo ni jambo letu, mimi na Baraka. Unamweleza kazi kwa maneno, naye anaandika programu, anarekebisha, anajaribu. Shida ni kwamba hakumbuki. Unaweza kushinda naye kutwa mkielewana namna zahanati zetu zinavyoandika majina, kesho ukifungua mazungumzo mapya, hana habari. Njia ya kutibu hilo ni kumwandikia stadi. Kila stadi ni folda yenye faili la maelezo. Juu ya faili kuna jina na mistari miwili mitatu inayosema stadi hii ni ya kazi gani. Msaidizi husoma hiyo mistari ya juu tu kwanza, kwa stadi zote. Akiona inahusiana na alichoombwa, ndipo hufungua faili zima na kufuata hatua. Kazi ikirudi mara mia, huhitaji kuieleza mara mia.

Sisi tulisema "skili". Katibu aliposikia akakunja uso. "Neno lipo. Ni stadi. Mmesoma hadi chuo kikuu mnakosa neno la kwenu?" Tukaanza kusema stadi.

Bosi alituagiza kila mmoja aandike moja. Ya kwangu, kwenye ile mistari ya juu, niliandika: "Inasaidia mambo ya data." Niliipeleka kwa Katibu anihakikie Kiswahili tu. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa tena, ishara kwamba maneno yanakuja.

"Mambo ya data," alisoma. "Nikiwa masjala, ningeandika kwenye jalada 'Mambo ya Serikali', halafu nikalirudisha rafu?"

"Hapana, mama."

"Mkubwa anayetafuta jalada hafungui moja moja. Anasoma juu. Juu pakiwa hovyo, jalada lile limekufa, hata kama ndani kuna dhahabu. Huyu wenu naye si anasoma juu kwanza?"

"Ndiyo."

"Basi mwambie. Itumike lini? Mtu akiwa amesema nini? Na isitumike lini?"

Nikaandika upya mara tano. Mara ya tano alisema, "Sasa nimejua nani anapokea." Hiyo ndiyo ilikuwa kauli yake ya kila siku: nani anapokea? Kwa barua, kwa tangazo la choo, kwa stadi. Kama hukujua nani anapokea, hukuwa umeandika kitu, ulikuwa umejisemea.

Baraka alikuwa na kosa tofauti na langu. Aliandika stadi moja yenye kila kitu alichokijua: kuchapa lebo za dawa, kutengeneza ripoti za mwezi, kuhamisha kumbukumbu za zamani, orodha nzima ya majina ya dawa. Katibu aliishusha na kuishusha kwenye skrini, mkono ukachoka.

"Baraka, hili si jalada. Hili ni kabati."

"Lakini Katibu, huyu anasoma kurasa mia ndani ya sekunde. Hachoki."

"Hata wewe unaweza kula sahani tatu za pilau. Ukishakula, unabaki na akili ya kazi gani?"

Tulicheka mpaka bosi akatoka chumbani kwake. Kabati lile likagawanywa kuwa majalada manne. Ile orodha ndefu ya dawa ikawekwa faili lake pembeni, na ndani ya stadi pakabaki sentensi moja: ukihitaji majina ya dawa, fungua kiambatisho. Msaidizi akaanza kufanya kazi ya Baraka bila kuchanganya lebo na ripoti. Baraka aliudhika kwa siku mbili, siku ya tatu akamletea Katibu chapati.

Nilimuuliza aliyajulia wapi yote haya, yeye ambaye hajaandika hata mstari mmoja wa programu. Aliniangalia kama niliyeuliza alijifunzia wapi kutembea.

"Makabidhiano," akasema.

Serikalini, mtu akihamishwa au akienda likizo ndefu, humwandikia anayekalia kiti chake hati ya makabidhiano: kazi zipi zipo, zimefikia wapi, funguo ziko wapi, jambo gani lisiguswe mpaka nani aulizwe. Katibu alikuwa ameandika nyingi na kupokea nyingi. "Huyu wenu ni mgeni kila asubuhi," alisema. "Kila siku anaripoti kazini upya, hajui choo kiko wapi. Si mjinga. Ni mgeni. Mgeni ukimwambia 'fanya kama kawaida', kawaida ipi? Mwandikie makabidhiano."

Sijapata maelezo bora zaidi ya kazi yangu, na nimesoma mengi.

Alikuwa na namna yake ya kujaribu stadi. Hakukubali aliyeiandika aijaribu mwenyewe. Ilibidi ufungue mazungumzo mapya, uondoke kwenye kiti, mwingine akae. Na huyo mwingine hakuruhusiwa kutumia maneno yako. "Usimuulize kama ulivyoandika," alimwambia Baraka akiwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai. "Muulize kama unavyouliza ukiwa na njaa." Baraka akaandika: "oya haya majina yako hovyo hovyo nifanyie usafi." Msaidizi akaipata stadi iliyotakiwa, akafuata hatua zake. Katibu akapiga meza kwa kiganja mara moja. Asipopiga meza, ulikuwa unarudi kuandika.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mtu wa kukasirika. Siku moja alimpa msaidizi barua yake airekebishe, akairudisha ikiwa fupi. "Amenifutia 'tafadhali'," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Hakumgusa wiki nzima. Alipomrudia, aliandika: "Habari za leo. Usiniguse adabu zangu, rekebisha tarakimu tu." Nami nilimwona kwa macho yangu akisubiri jibu la salamu kabla ya kuendelea.

Na yeye aliyeandika kila kitu, kuna vitu hakuviandika kabisa. Maelekezo ya njia yalimshinda. Akikuelekeza dukani alisema, "Pale alipokuwaga yule mama wa samaki," na mama wa samaki alikuwa ameondoka kabla hujazaliwa. Alikuwa na droo ya biskuti iliyofungwa, na ufunguo wake ndio kitu pekee ofisini kisichokuwa na hati. Aliposema hatutampata wa kumrithi, nilijua hakuwa anatania. Aliamini hivyo, na alifurahia.

Kuhusu ile sehemu ya "Nisichokijua", nilimuuliza mara moja tu. Tulikuwa tunakula, wali na maharage ya mama ntilie wa chini. Alitafuna muda mrefu.

"Nilikabidhi ofisi moja," alisema. "Nilikuwa kijana, nimepandishwa cheo, nahamia mjini. Kabati moja mchwa walikuwa wameingia. Nilijua. Majalada mangapi yameliwa, sikujua, na kuhesabu ilikuwa aibu, ningeulizwa nilikuwa wapi. Nikaandika: majalada yote yapo. Nimeandika vizuri, kwa mashine mpya, haina kosa hata moja." Akachukua maji. "Alikuja mwalimu mmoja kutafuta jalada lake la ajira. Alikuja mara tatu, anatoka mbali. Aliyenirithi ndiye aliyeambiwa kalipoteza. Dada wa watu. Alisimamishwa."

"Ukasema?"

"Nilisikia habari baada ya mwaka. Nikaandika barua. Mwaka mzima, lakini." Akasukuma sahani. "Kula, msomi, maharage yanapoa."

Alikuwa akiniita msomi kila nilipokuwa nimefanya jambo la kipumbavu au alipotaka mazungumzo yaishe. Sikuuliza tena.

Aliondoka kwetu miezi mitano iliyopita. Macho yalikuwa yanamsumbua, na mdogo wake aliyekuwa akiishi naye Madale alitaka akae nyumbani. Siku ya mwisho alimkabidhi bosi hati ya kurasa tatu, akatushika mikono, akasema hataki keki. Tulipofungua droo ya biskuti, ndani mlikuwa na kikaratasi: "Zimeisha. Usiulize."

Stadi niliyoisema mwanzoni niliiandika baada yake. Kila zahanati ina wagonjwa walioandikwa mara mbili. Karani wa asubuhi anaandika jina, wa jioni halioni, anaandika tena. Kazi ya stadi yangu ilikuwa kumfundisha msaidizi kuzitambua kumbukumbu zilizojirudia na kuziunganisha kuwa moja. Niliipa jina linaloeleweka, juu nikaeleza itumike lini, hatua nikazikata fupi fupi, nikaweka mifano. Kanuni yenyewe ilikuwa hii: jina likifanana na namba ya simu ikifanana, na tarehe za kuzaliwa zisipopingana, huyo ni mtu mmoja.

Tuliitumia kwenye zahanati mbili, moja ikiwa Buguruni, na wote walifurahi. Siku ile ya Buguruni muuguzi mmoja, akinijazia chai, alisema jambo kwa kupita tu. Watoto wachanga, alisema, huwa hawajapewa majina wanapoletwa, kwa hiyo wanaandikwa "Mtoto wa Zuhura", "Mtoto wa Neema". Simu ni ya mama. Na tarehe ya kuzaliwa, karani asipokuwa na kadi mbele yake, anaiacha wazi.

Nilicheka naye. Nilipofika nyumbani nikaandika chini ya hati, kwenye kichwa cha "Nisichokijua": "Sijui kama watoto wa mama mmoja, walioandikwa kwa jina la mama, wanaweza kuunganishwa kimakosa."

Hiyo ndiyo sentensi niliyoifuta.

Niliifuta kwa sababu bosi alikuwa amesema ataionyesha hati hiyo kwa wateja wapya, na akasema pia, akiwa ameniwekea mkono begani, kwamba mkataba wangu wa muda unaisha mwezi huo na kazi hii ndiyo itakayonipa wa kudumu. Nikaisoma hati kwa macho ya mteja. Kila kitu kilikuwa kimenyooka, halafu mwishoni kuna mtu anasema hajui. Nikafuta sentensi, nikafuta na kichwa chake. Hati ikaisha vizuri. Bosi akasema, "Kijana, hii imekomaa."

Kisha akaniambia mteja mpya ni nani: kliniki ya mama na mtoto, Temeke. Kazi itaanza baada ya wiki mbili, Jumanne.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini nisingeangalia tu? Niliangalia. Kwenye zahanati mbili za mwanzo nilikuta jozi nyingi za "Mtoto wa" zilizounganishwa, tarehe zikiwa wazi. Yawezekana kila jozi ni mtoto mmoja aliyeandikwa mara mbili. Yawezekana ni kaka na dada, au mapacha, mmoja dawa fulani inamdhuru na mwingine hapana, na sasa wote wawili ni kumbukumbu moja. Skrini haikuweza kuniambia. Wa kuniambia ni wauguzi wenye kadi za karatasi kabatini, na kuwauliza wauguzi ni kumwambia bosi kwanza. Nakala za zamani, kabla ya kuunganishwa, mfumo wetu huzitunza mpaka mwisho wa mwezi, kisha huzifuta.

Kwa siku tisa nilizunguka humo. Kama si kosa, nitakuwa nimejiharibia kazi kwa woga wangu. Kama ni kosa, nimelificha kwa mikono yangu. Nikatafuta njia ya katikati, nikaikuta: nitamwuliza Katibu. Moyoni nilitaka aniambie ninafikiria sana. Watu wote huniambia hivyo, ilikuwa haki yangu kusikia mara moja pale nilipohitaji.

Nilimpigia Ijumaa. "Njoo kesho," alisema. "Shuka kituo cha zamani, si kile kipya. Panda kilima, utaona nyumba inayojengwa."

Madale nzima ni nyumba zinazojengwa. Nilipanda kilima cha kwanza, nikashuka, nikapanda cha pili. Mwishowe mdogo wake alinikuta nikiwa nimesimama kati ya marundo mawili ya kokoto, akacheka. "Wewe ndiye wa ofisini? Amekuelekeza yeye? Pole."

Katibu alikuwa kibarazani, sweta begani. Alikuwa amepungua, na miwani ilikuwa mipya, mizito.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, msomi. Kaa. Umekonda. Baraka anakula chakula chako?"

Tukaongea ya Baraka, ya bosi, ya kiyoyozi ambacho sasa hakiwashwi. Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Mdogo wake akaita kutoka ndani kwamba maji yamekatika jikoni.

"Kaniwashie pampu," Katibu aliniambia. "Iko nyuma, kwenye kibanda. Maelezo yapo."

Nilijua yatakuwepo. Yalikuwa kwenye plastiki, yamening'inizwa kwa waya kwenye msumari. Herufi zilikuwa kubwa kuliko zamani, zimeandikwa kwa kalamu nene, na mistari haikunyooka. Ni ya kuwasha pampu. Itumike tangi la juu likiwa tupu. Isitumike umeme ukiwa unacheza. Hatua nne. Halafu, chini kabisa:

"NISICHOKIJUA: Swichi nyekundu ni ya nini. Fundi aliondoka sikumuuliza. Nilijifanya nimeelewa. Usiiguse mpaka aje."

Niliwasha pampu. Maji yakaanza kupanda kwenye bomba. Nilibaki nimesimama pale nikisoma ile sentensi ya tatu. Hakuwa na sababu ya kuiandika. Pampu ingewaka bila hiyo. Ni mtu wa umri ule, nyumbani kwake, kwenye kibanda ambacho hakuna mteja atakayeingia, ameandika kwamba alijifanya.

Nilirudi kibarazani nikamweleza kila kitu, haraka, bila mpangilio, kwa namna ambayo angeirudisha kama ingekuwa barua. Alisikiliza macho yakiwa barabarani.

"Umemwambia bosi?"

"Bado."

"Sasa mie unaniambia ili nifanye nini?"

"Nilitaka ushauri, mama. Labda nafikiria kupita kiasi. Labda hakuna hata mtoto mmoja aliyechanganywa."

"Labda."

"Kwa hiyo?"

"Mimi nilishakabidhi, mwanangu," alisema, taratibu, bila ukali. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. Kisha akainuka, akishika ukuta, akaenda ndani kuangalia kama maji yamefika jikoni. Nilimsikia akimwambia mdogo wake afunge bomba vizuri, kisha wakabishana kuhusu sufuria. Hakurudi. Nadhani aliniacha makusudi, lakini inawezekana pia alikuwa na njaa tu. Kwake huwezi kujua.

Nilifungua kompyuta kwenye magoti. Nikaifungua ile stadi. Kwenye mistari ya juu, pale panaposema itumike lini, nikaongeza: "Isitumike kwa kumbukumbu zinazoanza na 'Mtoto wa'. Hizo ziorodheshwe tu, zithibitishwe na muuguzi mwenye kadi." Nikashuka mpaka chini. Nikarudisha kichwa nilichokifuta, na chini yake nikaandika: "Sijui ni watoto wangapi tayari wameunganishwa kimakosa kwenye zahanati mbili za mwanzo. Nilikuwa na shaka hii kabla ya kuwasilisha hati, nikaifuta." Nikaweka jina langu na tarehe. Nikaisoma mara moja. Sikurudia.

Kisha nikampigia bosi. Ilikuwa Jumamosi mchana na alikuwa kwenye kelele za sherehe.

"Bosi, shikamoo. Samahani kukusumbua. Ile stadi ya kuunganisha wagonjwa, naomba tusiitumie Temeke Jumanne. Na za Buguruni na ile nyingine inabidi tuzikague kabla ya mwisho wa mwezi, nakala za zamani zikiwa bado zipo. Jumatatu asubuhi nitaenda mwenyewe na orodha, nikae na wauguzi."

Kelele zikapungua. Alikuwa ametoka nje.

"Kuna nini? Imeharibu kitu?"

"Inawezekana imeunganisha watoto wawili kuwa mmoja. Zaidi ya mara moja."

Ndani ya nyumba, Katibu na mdogo wake walikuwa wameacha kubishana kuhusu sufuria.

"Una uhakika?" bosi aliuliza.

"Sina, bosi," nikasema. "Ndiyo maana nimekupigia."